Mgeni akisema "mbona kali", muulize kali ipi: kuonja na kurekebisha gimleti ukiwa nyumbani

Mwaka jana shemeji yangu alikuja kwetu Tabata jumamosi jioni, nikamtengenezea gimleti, yaani jini, ndimu na sukari basi, kitu ambacho nilishakitengeneza mara nyingi tu. Akapiga funda moja, akakunja uso, akasema "shem, mbona kali hivi". Nikaichukua glasi nikaongeza shira. Akaonja, bado kali. Nikaongeza tena. Mwishowe ikawa tamu kama juisi ya miwa na bado anasema kali, na alikuwa anasema kweli kabisa, kwa sababu shida haikuwa ndimu hata kidogo. Umeme ulikatika mchana kutwa, barafu ilikuwa kidogo na imeshaanza kuyeyuka, nikaogopa kuimaliza, kwa hiyo nilitikisa sekunde chache tu nikamimina. Ile kali yake ilikuwa ya pombe, inamchoma koo, na mimi pale nilikuwa nahangaika kutibu uchachu.

Toka siku hiyo mtu akiniambia kali namuuliza kwanza, kali ipi? Kiswahili chetu hilo neno tunalibebesha vitu vingi mno, pilipili kali, ndimu kali, pombe kali, dawa kali, jua kali, na kwenye glasi ya kokteli zinaweza kuwa kali tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kali ya pombe, inachoma koo ukimeza na ukisogeza pua kwenye glasi inakupiga. Hiyo inatibiwa na maji na ubaridi. Ya pili ni kali ya ndimu, taya zinavuta, mate yanajaa mdomoni, jicho moja linajifumba lenyewe kama umeng'ata embe bichi. Hiyo inatibiwa na sukari. Ya tatu watu wanaiita kali lakini ni uchungu, ile ladha inayobaki ukishameza, kama umetafuna mbegu ya ndimu, na ikizidi inakuja na ukakasi unaokausha ulimi kama umekula bibo. Hiyo chumvi kidogo sana inaisaidia, na mara nyingine haina dawa kabisa, unaimwaga unaanza upya. Ukikosea kujua ni ipi utaongeza vitu mpaka glasi ijae na bado mgeni anakunja uso.

Sasa twende kwenye kinywaji chenyewe. Vipimo ninavyoanzia mimi ni hivi:

jini ml 60
juisi ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi ml 20
shira ml 20
barafu ya kutosha

Hapo naita mahali pa kuanzia, na nasisitiza hilo maana watu wengi wanachukua vipimo vya mtu wa London au New York wanavifata kwa mililita, wakati ndimu yake na ndimu ya genge la mtaani kwako hazijawahi kukutana. Gimleti naipenda kwa mafunzo kwa sababu ina vitu vitatu unavyoviweka na kimoja kinachojiweka chenyewe, yaani maji ya barafu, na ukikosea chochote unakisikia palepale. Ukiizoea hii, kokteli zingine za jini kama Tom Collins yenye limau na maji ya soda, Southside yenye majani ya minti, Bee's Knees yenye limau na asali, zote ni ukoo mmoja, kitu kichachu kinavutana na kitu kitamu na jini ipo katikati.

Halafu kuna jambo la historia ambalo lazima ulijue maana linaharibia watu vinywaji. Ukitafuta vipimo vya gimleti utakuta vingine vinasema nusu jini nusu ndimu. Havijakosewa, ni kwamba ndimu inayosemwa pale siyo unayoijua wewe. Mwaka 1867 bwana mmoja wa Leith kule Scotland, Lauchlin Rose, alipata hataza ya kuhifadhi juisi ya ndimu kwa sukari badala ya pombe, na mwaka huohuo sheria ya Uingereza ikazitaka meli za biashara zibebe juisi ya ndimu au limau kuwakinga mabaharia na kiseyeye. Juisi ile ya chupa, tamu tayari, ndo ilikuja kuchanganywa na jini. Jina wengine wanasema limetoka kwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Gimlette, wengine wanasema ni gimlet ile keekee ndogo ya mkono ya kutobolea mapipa, chagua unayoipenda. Mwaka 1930 Harry Craddock wa hoteli ya Savoy, London, aliiandika kwenye kitabu chake cha kokteli, nusu jini na nusu hiyo juisi ya Rose's. Kwa hiyo ukichukua nusu kwa nusu ukaweka ndimu mbichi ya Kariakoo, utalia machozi. Kabla hujafata vipimo vya mtu yeyote angalia kama anaongelea juisi ya chupa yenye sukari au ndimu mbichi.

Vifaa usihangaike. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina alama za mililita na kiko sahihi kuliko toti nyingi za mtaani. Duka la dawa nunua bomba la sindano la ml 5 au 10, bila sindano yenyewe, hiki ndo kifaa ninachokithamini kuliko vyote jikoni kwangu kwa sababu marekebisho ya kokteli ni ya ml 2 au 3 na kwa kijiko hutaweza kujua umeweka ngapi. Kutikisia, ile chupa ya kuchanganyia unga wa protini wa watu wa jimu inafaa sana, ina mfuniko unaobana, na kama huna hata kopo la plastiki la siagi ya karanga lililooshwa vizuri mpaka harufu imeisha. La kioo sikushauri, baridi na mtikiso vinaweza kulipasua mkononi. Chujio la chai unalo. Kijiko cha chai cha kuonjea, kimoja chako na kimoja cha mgeni.

Barafu sasa, hapa nitakaa kidogo. Barafu ya nyumbani ina matatizo mawili. La kwanza ni harufu, kama friza yako ina samaki na nyama na vitunguu vilivyofungwa vibaya basi barafu inavuta hayo yote, na kwenye kinywaji cheupe kama hiki utayasikia. Onja barafu peke yake, weka kipande mdomoni kiyeyuke. Ikiwa na harufu ya dagaa hakuna ndimu itakayokuokoa. Gandisha kwenye chombo chenye mfuniko, kwa maji unayoyanywa. La pili ni ukubwa na unyevu. Vipande vidogo vilivyoanza kuyeyuka vinakuja na maji yao juu kabla hata hujatikisa, kwa hiyo kinywaji kinajaa maji kabla hakijapoa. Mimi nagandisha kwenye bakuli dogo la plastiki, naitoa, naivunjavunja ndani ya taulo safi vipande vya ukubwa wa kiberiti hivi, halafu kabla ya kutumia namwaga maji yote yaliyotuama chini. Ukifanya hivyo tu umeshapunguza nusu ya matatizo.

Haya, kuonja kunaanza kabla ya kuchanganya. Jini kwanza. Usiionje kavu, itakuchoma ulimi na baada ya hapo hutasikia kitu. Changanya kijiko kimoja cha jini na kijiko kimoja cha maji ya kawaida yasiyo ya baridi, nusa, onja. Unatafuta junipa, yaani kitunda kidogo kinachoipa jini harufu yake, ile harufu ya msonobari na mbao mbichi. Kama umewahi kuwa karibu na fundi anaranda mbao za mtarakwa basi umeshaipata kwa mbali, maana mtarakwa wetu wa milimani ni ndugu na junipa ya jini, na kuna jini ya Nairobi inayoitwa Procera inayotumia huohuo mtarakwa. Nyuma ya junipa mara nyingi kuna giligilani, maganda ya chungwa, zingine zina iliki. Kama jini yako ni laini na harufu yake ni ndogo, ndimu nyingi itaimeza kabisa, hapo jua mapema kwamba utaweka ml 15 tu ya ndimu na shira nayo ishuke hivyohivyo. Kama ina nguvu, itabeba 20 hata 25. Na angalia asilimia kwenye lebo. Jini ya 37.5 na ya 43 hazivumilii maji sawa, ile ya juu inataka kutikiswa zaidi kidogo. Uganda Waragi inafanya gimleti nzuri sana, hilo nalisema kwa moyo wote, na wanaotumia konyagi nawaelewa ila kumbuka ina asilimia 35 na junipa hutaisikia sana, kwa hiyo punguza muda wa kutikisa na weka kipande cha ganda la limau juu kuipa harufu.

Ndimu. Hapa majina yanachanganya, nazungumzia ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba na mbegu nyingi, limau ni ile kubwa ya njano yenye chuchu, ingawa kuna sehemu ukienda sokoni yote wanaita ndimu. Gimleti inataka ndimu. Zote zina asidi nyingi karibu sawa, ila limau uchachu wake karibu wote ni asidi ya sitriki na ndimu ina kidogo ya maliki, ileile ya tufaha bichi, ndo maana ndimu inang'ata kwa namna yake. Zilizo kijani kibichi na ngumu zina maji kidogo, zikianza kuingia unjano zinakuwa na maji mengi na ulaini. Zizungushe mezani kwa kiganja ukikandamiza, kata, kamua kwa mkono, na usikamue mpaka tone la mwisho, ukiligeuza ganda ndani nje na kulibinya sana unatoa mafuta ya ganda na uchungu wa ule weupe, na hiyo ndo kali ya tatu niliyoisema pale juu ambayo baadaye hutaiondoa. Mbili au tatu zitakupa ml 20 zako. Chuja mbegu. Onja juisi kwa kuchanganya kijiko kimoja na vijiko vitatu vya maji, na fanya hivyo kila siku unapotengeneza, maana ndimu za jumamosi iliyopita na za leo unaweza kushangaa tofauti yake. Juisi uliyokamua saa nane mchana inafaa jioni. Ya jana usitumie, inakuwa bapa na ina ladha kama ya chupa.

Shira ni ya kupima kwa mizani kama unayo, gramu 200 za sukari nyeupe kwa gramu 200 za maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, usichemshe kwa sababu maji yakipotea hewani shira inakuwa tamu kuliko unavyodhani na vipimo vyako vyote vinahama. Weka kwenye friji, wiki mbili ipo vizuri. Ile shira ya kaimati iliyobaki usiitumie hapa kwa kukisia, ni nzito zaidi na ina iliki au arki, ingawa siku ukiwa na utulivu jaribu shira yenye iliki na jini, ni nzuri mno. Sukari ya brauni inaleta ladha ya molasi na rangi ya chai, mi siipendi kwenye gimleti. Kwa picha tu, ml 20 za hii shira ni kama gramu 12 za sukari, karibu vijiko vitatu vya chai. Inaonekana nyingi lakini ubaridi unaficha utamu, na hapa ndo penye siri ya kazi yote.

Kinywaji kikiwa baridi sana utamu unashuka na uchachu unabaki pale pale. Kikipata joto utamu unapanda, na harufu ya pombe nayo inapanda. Kwa hiyo ukionja mchanganyiko kabla ya barafu, wenyewe ukiwa na joto la chumba, utaona ni mtamu na mkali wa pombe kwa pamoja, na mtu asiyejua anaongeza ndimu hapo, halafu akitikisa ikipoa inakuwa chachu ya kutisha. Onja hapo kwa kujifunza tu ila usirekebishe chochote. Maamuzi yote yanafanyika baada ya kutikisa.

Jaza barafu theluthi mbili ya chupa, mimina vitu vyako, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, kwa nguvu kweli, usikie barafu inagonga. Chupa inatakiwa iwe baridi mpaka inauma mkono. Sasa fungua, usimimine bado. Chota nusu kijiko, onja polepole, kipitishe mdomo mzima, meza, subiri sekunde tano. Hizo sekunde tano ni muhimu maana uchungu unakuja mwisho.

Jiulize kwa mpangilio huu na usiuruke. Kwanza, ni baridi ya kutosha? Pili, koo linachoma? Kama jibu la kwanza ni hapana au la pili ni ndiyo, usiguse sukari wala ndimu, funga tikisa sekunde tano zingine, onja tena. Nakuhakikishia mara nyingi sana ule unaodhani ni uchachu uliozidi unaondoka wenyewe hapo, kwa sababu maji yameingia ya kutosha na vitu vimekaa pamoja. Hili ndo kosa langu la siku ya shemeji, na ndo kosa ninaloliona kwa karibu kila mtu anayeanza, anaogopa maji. Mtu anaona maji kama yanapunguza pombe aliyonunua kwa hela yake, wakati maji ndo yanayofungua harufu ya jini. Ukiweka ml 100 za vitu, baada ya kutikisa na kuchuja unatakiwa upate kama ml 140 hadi 150. Pima mara moja tu kwa kikombe chako cha mililita ujue. Ukipata 120, hujatikisa vya kutosha. Ukipata 170, barafu ilikuwa imelowa, na hapo huna la kufanya zaidi ya kuongeza vyote vitatu kidogo kidogo.

Nisisahau hili la jini kukaa friza. Wengi tunafanya, na ni vizuri, ila jini ikitoka friza barafu haiyeyuki sana, kwa hiyo maji hayaingii, kinywaji kinakuwa baridi kama kitu gani lakini kinachoma. Ukifanya hivyo ongeza maji ya baridi ml 10 hadi 15 kwenye chupa kabla ya kutikisa. Maji tu, kwa bomba lako la sindano. Utaona tofauti.

Ukishamaliza habari ya maji na ubaridi ndo uje kwenye uchachu na utamu. Taya zinavuta na ladha inaishia kwenye ndimu tu bila kusikia jini? Ongeza shira ml 2.5, yaani nusu ya bomba la ml 5, tikisa mara mbili tatu, onja. Bado? Zingine 2.5. Ukifika mara tatu simama, ndimu zako ni kali sana na kesho utaanza na ml 15 za ndimu badala ya 20. Upande wa pili, inanatanata midomoni, ladha inaanza vizuri halafu inakaa nzito kama soda iliyoisha gesi? Ongeza ndimu, ila ndimu ongeza ml 2 tu kila mara, maana inakwenda haraka kuliko shira. Na usirudi kinyume zaidi ya mara moja, yaani umeongeza shira, ukaongeza ndimu, ukaongeza shira tena, hapo ulimi wako umechoka na unatengeneza juisi yenye pombe, junipa imeshazama. Kunywa maji, kula kipande cha mkate mkavu, subiri dakika mbili.

Kwa joto la Dar mimi naiacha iwe chachu kidogo kuliko ninavyotaka, kama tone moja upande wa ndimu, kwa sababu baada ya dakika kumi mezani itakuwa imepata joto na utamu umepanda wenyewe. Ukiipatanisha kamili ikiwa baridi kabisa, funda la mwisho litakuwa tamu mno. Ndo maana pia glasi iwe ndogo na ikae friza robo saa kabla. Ukiwa Arusha au Iringa kwenye baridi la mwezi wa saba, hii haikuhusu sana.

Halafu kuna hali moja ambayo watu wanashindwa kuieleza, kinywaji hakina kosa lolote, si chachu si kitamu si kali, lakini kimelala, hakikuiti. Hapo ni chumvi. Tunajua wote embe bichi na chumvi linavyofanya, ni jambo lilelile. Punje chache tu kwa ncha ya vidole, au kama unataka kuwa mtu wa uhakika changanya gramu 20 za chumvi na ml 80 za maji, weka kwenye kichupa cha matone, matone mawili kwa glasi. Usisikie chumvi, ukiisikia umezidisha. Inapunguza uchungu na inainua vingine vyote. Nilivyoijaribu mara ya kwanza nilihisi kama kuna mtu amewasha taa jikoni. Kitu kingine cha kuiamsha ni harufu, menya kipande chembamba cha ganda la limau, bila ule weupe, kikunje juu ya glasi mafuta yarukie juu ya kinywaji, kisha kiweke ndani au kitupe. Ndimu ndogo ganda lake ni jembamba mno kwa kazi hii, utakata na weupe wake.

Kama unataka ulimi wako ujifunze haraka fanya hivi siku moja ukiwa na mwenzako. Tengeneza gimleti moja, igawe kwenye vikombe vitatu vya kahawa. Cha kwanza kiache. Cha pili weka ml 2 za shira. Cha tatu ml 2 za ndimu. Koroga kila kimoja kwa kijiko, maana shira inazama chini na usipokoroga utaonja jini juu na sukari chini. Mwenzako avibadilishe nafasi usione, onja utaje kipi ni kipi. Mara ya kwanza mimi nilikosea viwili. Sasa hivi nasikia hata tofauti ya ml 1, na sina ulimi wa ajabu, ni kurudia tu. Siku nyingine fanya hivyohivyo na maji, weka ml 5, onja, ml 5 zingine, onja, mpaka ufike pale ambapo kinywaji kinakatika na kuwa maji ya ndimu. Ukishapajua hapo hutaogopa tena kutikisa. Usifanye zoezi hili baada ya kula pilipili au kupiga mswaki, hutapata kitu cha maana.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Ml 60 za jini ya asilimia 40 zina ml 24 za pombe halisi. Bia ya nusu lita ya asilimia 4.5 ina 22.5. Kwa hiyo glasi hii ndogo inayonyweka kwa funda sita ni bia nzima na zaidi, na ladha ya ndimu inaificha. Ukiwa unajifunza onja kwa nusu kijiko na tema, wanaoonja kwa kazi wanatema, hakuna aibu. Chupa iwe ya duka unaloliamini na stempu ya TRA ipo, gari liache nyumbani, na anayesema hanywi mtengenezee ndimu, shira, minti na maji ya soda, kwa uangalifu uleule wa kuonja, asipewe Fanta tu kama mtoto wa jirani.

Ukishaipata ile unayoipenda iandike kwenye kipande cha selotepu ya karatasi ubandike kwenye chupa ya shira, tarehe, aina ya jini, ndimu ngapi ulikamua, mililita ngapi uliishia. Kwangu sasa hivi imeandikwa 60, 18, 20, matone mawili ya chumvi, sekunde 15. Shemeji alivyorudi mwezi wa kumi na mbili nilimpa hiyo, akanywa, akakaa kimya, halafu akasema bado kali kidogo. Nikamuuliza kali ipi shem. Akafikiria, akasema "ya huku", akashika taya. Nikaweka shira ml 2.5, akamaliza glasi.

Na kama imeshaharibika kabisa, umeongeza huku na kule mpaka huelewi tena, usiimwage kama haina uchungu wa ganda. Chukua glasi ndefu, jaza barafu mpya mpaka juu, mimina humo, ongeza maji ya soda ya baridi ml 60 hadi 90, na nasema maji ya soda yale yasiyo na sukari, siyo Sprite, koroga mara moja tu kutoka chini gesi isiishe. Umepata karibu kabisa na Tom Collins, ila ya ndimu badala ya limau. Onja, na kwenye hii ya gesi utaona inataka shira kidogo zaidi, anza na ml 5.